Nyimbo Zilizorudi Siku ya Sabato

Siku baba mkubwa alipouza nyimbo zake arobaini na moja, mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliwekewa meza ndogo barazani, kalamu mbili endapo moja ingegoma, na karatasi pacha iliyotolewa katikati ya daftari la shule, pale kwenye pini. Baba mkubwa haiamini karatasi iliyochanwa pembeni. Husema karatasi ya namna hiyo ina ndugu yake mahali.

Huku kwetu, upande wa Magwagwa, kitu cha maana hakiuzwi kimyakimya. Iwe ng'ombe, cherehani au mzinga wa nyuki, watu hukaa, kila upande na shahidi wake. Makubaliano huandikwa, husomwa kwa sauti, hutiwa sahihi, kisha huletwa kitu cha kunywa. Na katika vijiji vyetu hakuna mtu anayeitwa kuwa shahidi kama baba mkubwa. Ni mzee wa kanisa la Wasabato, mkulima wa majani chai ambaye hajawahi kunywa kikombe kimoja cha chai, na sifa yake yote inatokana na ng'ombe mmoja.

Ng'ombe huyo alimuuzia mtu wa ng'ambo ya mto. Kama ilivyo kawaida, kamba ya nyumbani ilibaki nyumbani, ng'ombe akaondoka na kamba ya mnunuzi. Siku ya tatu asubuhi baba mkubwa akamkuta amesimama kwenye lango lake la zamani, kiwele kimejaa, analia akamuliwe. Mtu mwingine angemkamua kwanza, ampunguzie mzigo, ndipo amrudishe. Baba mkubwa alimrudisha vilevile, maziwa yakidondoka njia nzima, akamkuta mwenyewe anapiga mswaki.

"Ng'ombe wako alikuja kututembelea," alimwambia. "Sijamkamua."

Neno hilo lilitembea kuliko ng'ombe mwenyewe. Tangu hapo, mtu akitaka kuuza kitu na hataki kelele baadaye, humwita baba mkubwa aje akae, anyamaze, na atie sahihi.

Sasa nyimbo. Mama mkubwa, mkewe, ana sheria moja ya nyumba: kitu kipya hakivuki mlango mpaka cha zamani kitoke. Enzi za kanda, baba mkubwa alikuwa akizichukua zile alizokwisha kuzisikiliza vya kutosha, anakwenda nazo Daraja Mbili siku ya soko, anatandika gunia kati ya wauza mitumba na wauza ndizi, na kurudi jioni na kanda moja mpya. Nikiwa mdogo niliamini kwamba Daraja Mbili ni mahali kanda huenda kustaafu.

Watoto wake walipomnunulia simu ya kisasa, mimi ndiye niliyemfungulia akaunti kwenye duka la nyimbo la mtandaoni. Mjini Kisii ninakokaa, watu wengi hupeleka flashi kwenye vibanda, wakajaziwa nyimbo mia kwa bei ya chapati. Baba mkubwa hakutaka hata kusikia. Alilipia wimbo mmoja mmoja, kwaya hadi kwaya, kwa muda wa miaka kadhaa. Kisha siku moja akanipigia.

"Simu inasema imejaa," alisema. "Na ile kwaya ya Ogembo imetoa albamu mpya. Nataka kuuza za zamani."

"Baba mkubwa, za zamani unafuta tu."

"Kufuta ni kufanyaje?"

"Ni kuzitupa."

"Nilizinunua."

"Ndiyo, ulizinunua."

"Wewe kuku wakikuzidi, unawatupa?"

Nikamuuliza atamuuzia nani.

Mnunuzi alikuwa jirani yake, katekista wa parokia, ambaye shamba lake limetenganishwa na la baba mkubwa kwa mstari mmoja wa michai. Wawili hawa wametaniana tangu kabla sijazaliwa. Katekista husema Wasabato huimba kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Baba mkubwa hujibu kwamba Wakatoliki hupiga ngoma ili mtu asijue wamesahau maneno. Lakini katekista alikuwa na shida ya kweli: wanaume wake wa besi walikuwa wakifuata sauti ya kina mama kila wimbo ulipopanda. Alitaka nyimbo za jirani ziwafundishe kukaa mahali pao.

Kupata siku kulituchukua muda. Jumamosi baba mkubwa hafanyi biashara. Jumapili katekista yuko kanisani hadi mchana, na akirudi anataka kulala. Tukakubaliana Jumatano, majani yakishapimwa. Shahidi wa muuzaji alikuwa mama mkubwa, wa mnunuzi alikuwa mke wa katekista, mama mpole ambaye siku hiyo hakusema zaidi ya salamu. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Hapa nayaweka kwa Kiswahili, na kama yamepungua utamu, kosa ni langu.

Katekista alisema hawezi kununua bila kukagua. "Ng'ombe hufunguliwa mdomo, Mzee. Hizi nazo zifungue mdomo."

Tukazisikiliza zote arobaini na moja. Kwenye wimbo wa kumi na tisa akainua kidole. "Huu umekatika mwishoni."

"Ndivyo walivyoimba," alisema baba mkubwa.

"Walichoka?"

"Walimaliza. Ninyi hamjazoea wimbo unaoisha."

Nilizituma kutoka simu hadi simu. Kisha, mbele ya macho ya wote wanne, nikazifuta kwenye simu ya baba mkubwa mpaka ukurasa ukabaki mweupe. Katika makubaliano niliandika kwa mkono wangu: "Muuzaji hatabaki na nyimbo hizi wala nakala zake." Wakatia sahihi. Baba mkubwa akachomoa waya wa masikioni kwenye simu, akauzungusha vidoleni, akautia mfukoni. Kamba ya nyumbani. Katekista akaletewa chai, baba mkubwa maziwa ya soya, na kila mmoja akakitazama kikombe cha mwenzake kwa huruma.

Kesho yake akanunua albamu mpya ya kwaya ya Ogembo. Aliamua kusikiliza wimbo mmoja tu kwa siku, ili isiishe upesi.

Jumamosi, akiwa ametoka kanisani, aliwasha bando ili atafute fungu la Biblia. Simu ikapata mtandao, ikakumbuka kazi yake, na kabla hajafika kwenye fungu ikamtangazia kwa furaha: nyimbo zako arobaini na moja zimerejeshwa. Mama mkubwa ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Kwa kuwa ilikuwa Sabato na hilo lilikuwa jambo la biashara, baba mkubwa hakuigusa tena. Aliiweka simu ndani ya sufuria, akafunika, akakaa nayo chumba kimoja hadi jua lilipozama. Ndipo akanipigia.

"Zimerudi," alisema.

"Nani?"

"Zilizouzwa."

Jumapili alasiri nilimkuta langoni, simu ameifunga kwa leso kama yai. Tukapita kwenye michai hadi kwa katekista, tukamwamsha.

"Katekista," alisema baba mkubwa, "mali yako ilikuja kwangu jana. Sijaikamua."

Katekista akatoa simu yake, akapekua kwa kidole gumba, akatuonyesha. "Mbona zangu ziko hapa zote?"

Tukatazama simu moja, tukatazama ya pili. Ilikuwa orodha ileile, hata ule wa kumi na tisa.

"Basi mshukuru Mungu, Mzee," alisema katekista. "Ng'ombe amezaa."

"Hajazaa. Ni yuleyule. Amelala kwako na amelala kwangu."

"Baki nazo. Nani atajua?"

"Karatasi inajua."

Hapo ndipo mke wa katekista, yule mpole, aliposema neno lake la kwanza katika biashara nzima. Hakulisema kwa ubaya. "Sasa sisi tuliuziwa nini?"

Baba mkubwa aliifunga simu tena kwa leso, akaaga. Njiani kurudi alitembea mbele yangu bila kugeuka, na najua alikuwa anahesabu milango ambayo swali hilo lingebisha hodi kabla ya Jumatatu. Halikuchelewa. Jumanne mtu aliyekuwa amemwita awe shahidi wa kuuza kipande cha shamba alipita na kumwambia asijisumbue, mashahidi wametosha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule ng'ombe. Mama mkubwa alisema jioni hiyo hakumaliza ugali.

Nilifuta tena. Bando lilipowashwa, zikarudi tena. Nikafanya sasa jambo ambalo lilinipasa kulifanya miaka iliyopita: nilisoma masharti ya lile duka, yale marefu ambayo mtu huyapita mbio ili afike mahali pa kubonyeza. Nikaenda nayo barazani.

"Wanasema hukununua wimbo," nilimwambia. "Ulinunua ruhusa ya kuusikiliza."

"Ruhusa." Akalishika sikio lake la kulia. "Haya nimekuwa nayo bila kibali?"

"Na ruhusa hiyo huwezi kuiuza, kuikopesha wala kumwachia mtu urithi."

"Hata mimi?" aliuliza mama mkubwa kutoka mlangoni.

"Hata wewe, mama mkubwa."

"Na nikiwa jikoni, naye anasikiliza hapa?"

"Hapo hawakusema."

"Basi hapo ndipo nitakapokaa."

Baba mkubwa alinitazama. Ana jicho la shahidi, linalotulia mahali pamoja mpaka mahali hapo paanze kujikuna. "Nani alikubali mambo haya?"

"Mimi. Siku ya kufungua akaunti. Kuna mahali wameandika 'Nakubali', unabonyeza."

"Ulinisomea?"

"Hapana."

"Ulijisomea?"

"Hapana."

"Na wewe," alisema taratibu, "ndiye katibu."

Mimi ni mtu wa kuuliza pande zote, tabia inayonichosha mwenyewe, na sikutaka jambo hili liishie kwa wauzaji na wanunuzi. Nikaenda Ogembo. Mama anayeiongoza ile kwaya, ambayo baadhi ya zile arobaini na moja ni zake, ana duka la sare za shule karibu na stendi ya bodaboda. Alikuwa anampima msichana sketi, pini mdomoni, na alinisikiliza hadi mwisho bila kuzitoa.

"Mwambie Mzee asante," alisema alipozitoa. "Watu wanaojaza flashi mjini hawajawahi kunitafuta kuniambia chochote."

"Lakini amekuibia au hajakuibia?"

"Akiuza na kubaki nazo, ameniibia. Akiuza na kubaki mikono mitupu..." Akageuza sketi, akaitazama kwa ndani. "Hapo moyo wangu umegawanyika. Enzi za kanda aliziuza Daraja Mbili, na mimi sikulia. Ila kanda ilikuwa inachoka. Wa pili aliyeinunua alipata kwaya yenye mafua. Akitaka kutusikia vizuri, alikuja kwangu. Huu wa simu hauchoki. Katekista wako ameupata kama ulivyotoka studio. Kwa nini aje kwangu?"

"Kwa hiyo Mzee asiuze?"

"Sikusema hivyo. Sketi hii akishavaa dada, anavaa mdogo wake, na sidai kitu. Lakini ikifika kwa huyo mdogo inakuwa imepauka." Akampa msichana sketi yake. "Wewe andika kwamba sijui. Watu hawapendi kuandika hivyo."

Nimeandika. Mimi mwenyewe nimeegemea upande mmoja, na ni haki msomaji aujue: naona mtu akilipia kitu na baadaye kikamtoka mikononi kabisa, aruhusiwe kukiuza. Kulipa bei ya ng'ombe kisha kuambiwa ulikodishiwa maziwa ni mzaha ambao hakuna mtu wa Magwagwa ambaye angeuvumilia sokoni. Lakini kila ninapojiandaa kulisema hilo kwa nguvu, ninaiona ile sketi, na nguvu zinapungua. Zaidi ya hayo, hoja yangu nzima imesimama juu ya maneno "kikamtoka mikononi kabisa", na nilikuwa na arobaini na moja zilizokuwa zimekataa kutoka.

Nilimpelekea baba mkubwa majibu ya Ogembo pamoja na njia pekee niliyoipata. Akaunti ingeweza kufungwa. Ikifungwa, hakuna kitakachorudi.

"Funga," alisema.

"Lakini inafungwa yote. Na albamu mpya itakwenda."

Hapo akaitazama simu. Alikuwa amefika wimbo wa sita katika nyimbo kumi na mbili, na tangu ile Jumanne hakuwa ameongeza mwingine.

"Duka lenyewe limekataza kuuza," nilimkumbusha, nikitafuta pa kumpitishia. "Ungeweza kumrudishia katekista alichotoa, mkachana karatasi, ukabaki na zako zote."

"Katekista ameshawafundisha watu wake nusu ya nyimbo. Nimwambie wazitoe shingoni?" Akatikisa kichwa. "Duka lilipewa neno langu kwa kidole chako. Katekista nilimpa kwa mdomo wangu, nimeketi hapa, mke wangu akisikia. Kosa la duka tutalizungumza wakija. Waambie nitawakaribisha hata chai."

Tukakaa tena Jumatano, watu walewale, vikombe vilevile. Safari hii mke wa katekista ndiye aliyeshika simu ya baba mkubwa, na mimi nikamwelekeza pa kubonyeza. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, akaniuliza mimi, nikamuuliza baba mkubwa.

"Inauliza mara ngapi?" alisema.

"Tatu."

"Petro naye aliulizwa tatu," alisema katekista, ambaye hakuweza kuliacha hilo lipite.

Mama yule akabonyeza mara tatu. Nyimbo arobaini na moja zikaondoka, na zile kumi na mbili za Ogembo zikafuata nyuma yake, sita zikiwa hazijasikilizwa kabisa. Baba mkubwa akawasha bando mwenyewe. Tukaingoja simu dakika nyingi, watu wazima watano tukiitazama meza. Haikuleta kitu. Mke wa katekista akaomba kalamu, akaandika chini ya makubaliano ya zamani, "Zimetoka, nimeona," akatia sahihi.

Wiki iliyofuata mtu wa ng'ambo ya mto alikuwa anauza mtamba. Alimtumia baba mkubwa ujumbe aje akae. Baba mkubwa alivaa koti mapema kuliko ilivyohitajika.

Albamu mpya hajainunua tena. Si kwa ukaidi, anasema. Atainunua siku nitakapokuwa nimemsomea masharti ya duka yote, kwa Ekegusii, neno kwa neno. Kila nikienda namsomea kidogo. Tumefika kifungu cha saba, ingawa cha tano bado hajakikubali.

Mara ya mwisho nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, vidole vikichuma na mdomo ukiimba polepole. Ilikuwa besi ya ule wimbo wa kumi na tisa, ule unaokatika mwishoni. Nilisimama nje ya mstari wa michai nikamsikiliza hadi ulipokatika.

"Baba mkubwa," nilisema, "huo si uliuuza?"

Vidole vikasimama. Nilikuwa natania, na aliponitazama nikajua nimekosea, maana alikuwa hatanii. Akakitua kikapu chini.

"Nenda kamuulize mwenyewe," alisema.

Nikapita kwenye michai. Katekista alikuwa anapalilia ndizi, na nyuma yake simu iliyotundikwa kwenye mti wa parachichi ilikuwa inaimba Kisabato kwa sauti ya juu. Nikamweleza nilichotumwa. Hakucheka mara moja. Aliegemea jembe, akalipima ombi jinsi mtu anavyopima ombi la kupitisha maji shambani kwake.

"Mwambie besi namwachia, aimbe," alisema. "Soprano ni yangu."

Nilirudi nikafikisha neno hilo kama lilivyo. Baba mkubwa aliitika kwa kichwa, akageukia kichaka chake, akaanza tena kutoka mwanzo, chini kabisa, akiwa mwangalifu asipande.